Mapipa Nyuma ya Zahanati

Muuguzi mkuu wa zahanati ile, ndani kidogo kutoka Gede, alinichukia siku niliyofika kumfungia mtambo wa umeme. Stima ya pale ilikuwa ikikatika ovyo, na chanjo ziliharibika kwenye jokofu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye mapipa yangu.

Aliuliza yana nini. Nikamweleza kuwa ni methanoli iliyochanganywa na maji. Mtambo huipasha moto mpaka iwe mvuke, huitoa haidrojeni iliyomo, na haidrojeni hiyo ndiyo inayozalisha umeme, bila moshi wala kelele za jenereta.

"Methanoli ndiyo iliyompofua kaka yangu," alisema. "Walimtilia kwenye pombe matangani."

Nilimwonyesha picha ya fuvu iliyobandikwa kwenye mapipa. Akasema watu wa kwao wakisikia harufu ya spiriti hawatazami picha. Alitaka mapipa yafungiwe stoo. Nikakataa, kwa sababu mvuke wake ukijikusanya ndani hushika moto. Tulibishana mbele ya akina mama waliopakata watoto, na mwishowe nikamwambia nimekuja kufunga mtambo, si kusikiliza misiba ya kwao. Mapipa nikayaweka nyuma, chini ya kibanda cha mabati.

Baada ya wiki chache mtambo ulizima kwa kukosa methanoli, kabla ya wakati wake. Nilitoka Malindi nikiwa na hakika kwamba ameimwaga yeye, na nikamwambia hivyo mlangoni.

Alinipeleka chumba cha ndani. Mlinzi wa zahanati alikuwa amelala kitandani, dripu mkononi, anapapasa ukuta. Alikuwa amechota kwenye pipa kwa chupa ya maji, akanywa, na pipa akaliacha likivuja. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani.

"Muulize fuvu lina rangi gani," muuguzi alisema.

Mlinzi aliokoka, lakini jicho moja halikuona tena. Nilijenga uzio wa chuma unaopitisha hewa, nikautia kufuli, ufunguo nikampa muuguzi. Aliupokea, akautia mfukoni.

Jokofu sasa halizimi. Kila ninapokwenda kujaza, muuguzi hufungua kufuli, husimama karibu yangu hadi tone la mwisho, kisha hufunga. Kiti hajawahi kunikaribisha, nami sijawahi kumwomba radhi. Ninamwamkia kwa sababu ya umri wake tu, naye siku hizi haitikii.