Sanda Zilizokwenda Kwenye Sinema

Jua bado halijapanda Kilwa Kivinje, na Mboni binti Likwata amekwisha inama uani kwake, mikono imezama kwenye sufuria la maji ya jivu. Anafua gunia la unga wa ngano. Analisugua kwa ndimu, analikung'uta, analiinua alitazame, kisha analirudisha majini. Herufi nyekundu za kiwandani zimefifia, lakini hazijatoka.

"Zinanigomea," anasema. "Ukiwa mbali unaona jeupe. Ukikaribia, unasoma."

Gunia hili halitatiwa kitu. Atavishwa mtu. Mboni ni mwosha maiti wa wanawake, kazi aliyoachiwa na mama yake. Vita vimekwisha, huu mwaka wa pili, lakini nguo madukani bado ni za kugawiwa, na bafta nyeupe ya sanda imekuwa adimu kama mvua ya kiangazi. Zamani, baada ya maziko, wafiwa walimpa kipande cha sabuni na pishi ya mchele, na wenye nafasi walimwongeza kanga. Siku hizi humpa mkono, naye hupokea mkono.

Kina mama wa Kivinje wana kitendawili wanachowategea wajukuu jioni: nguo yangu nimeinunua mwenyewe, siku ya kuivaa nitavalishwa. Watoto hutaja nguo ya harusi, hutaja nepi, na bibi hucheka tu. Jibu limo kashani, limekunjwa pamoja na udi na karafuu maiti. Ni sanda. Mtu mzima wa hapa haachi watoto wake wahangaike siku ya msiba. Hujinunulia mapema, huiweka, na kila mwaka huitoa kuianika jua.

Mboni alijua kasha la nani lina sanda na la nani halina. Hilo ndilo lililomponza.

Mwaka jana, wakati wa kaskazi, walikuja watu wa sinema. Walitaka kucheza hadithi ambayo kila mtoto wa Kilwa amenyonya nayo: mgeni wa Kishirazi alikuta kisiwa kina mwenyewe, mzee wa bara, akakinunua kwa nguo za rangi zilizotosha kukizunguka chote. Mzee akazipokea, akavuka kwenda bara. Huko akajuta. Alipokusanya watu wake arudi kukitwaa, akakuta maji yamejaa kivukoni walipokuwa wakipita kwa miguu, hapapitiki tena.

Nguo walizokuja nazo hazikufika hata nusu ya ufuko mmoja. Ndipo Rafaeli, kijana wa Lindi aliyekuwa mkalimani wao, akapiga hodi kwa Mboni.

"Mama, tuazimeni nguo nyeupe. Siku mbili tu. Zitafuliwa, zitapigwa pasi, zitarudi. Dunia nzima itaiona Kilwa."

Mboni akatoa sanda yake kwanza. Kisha akapita nyumba kwa nyumba, na akina mama wakafungua makasha kwa sababu aliyeomba ni yeye. Wa mwisho kukubali alikuwa Bi Sada, ajuza anayeishi peke yake nyuma ya msikiti, ambaye sanda yake aliitia doa la hina pembeni ili asibadilishiwe.

"Nakupa wewe, Mboni," alimwambia. "Sijampa huyo mvulana."

Siku ya kupiga picha maji ya bamvua yaliwahi. Nguo zikalowa, zikavutwa kwenye tope la mikoko, zikakusanywa mafungu mafungu na kupakiwa chomboni pamoja na mashine. Watu wa sinema wakaondoka. Siku mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa masika.

Wakati wa masika alifariki mama yake Bakary, mshona viatu wa sokoni. Marehemu naye alikuwa ameazimisha sanda yake. Mboni alimwosha, akamvika gunia. Bakary alipoingia kumuaga mama yake alisimama kitambo kirefu akitazama upande wa kifua, ambako jina la kiwanda lilikuwa likisomeka. Kisha akatoka.

Wiki iliyopita motokaa ya sinema ikaingia Kivinje. Baada ya isha watu walijaa uwanjani, waliokaa na waliosimama. Rafaeli alishika kipaza sauti, akasimulia kila picha inapopita. Haukupita muda, minong'ono ikaanza.

"Mbona mzee anacheka?"

"Kapewa ubwabwa!"

"Mtu auze kwao, acheke? Na majuto yake yako wapi?"

"Tulieni, jamani," Rafaeli akasema. "Majuto hayakupigwa. Muda haukutosha."

"Basi hamkupiga hadithi. Mmepiga biashara!"

Watu wakaangua kicheko. Ndipo Bakary akasimama, kivuli chake kikakata picha katikati.

"Rafaeli! Nguo za hadithi zilikuwa za rangi. Bibi yangu alizitaja moja moja, nyekundu, samawati, za mistari. Hizo nyeupe mmezipata wapi?"

"Rangi haionekani kwenye picha, kaka. Nyeupe ndiyo inayoonekana."

"Sikukuuliza kinachoonekana. Nimekuuliza mmezipata wapi."

Kicheko kikakatika. Juu ya pazia, mzee wa sinema alikuwa akitembea juu ya nguo zilizotandikwa ufukweni, na miguu yake ikajaza picha nzima. Pembeni mwa nguo moja palikuwa na doa jeusi.

"Hina yangu!" Bi Sada akapiga ukelele. "Ile yangu ile! Mwambieni atoe miguu! Mwambieni!"

Mzee akapita juu yake, akaendelea kucheka.

Mashine ikazimwa. Gizani watu waliacha kutazama pazia, wakamtazama Mboni. Hakuna aliyemtukana. Heri wangemtukana.

Asubuhi alimfuata Rafaeli, akamkuta anafunga mizigo.

"Nguo ziko wapi, mwanangu?"

"Zipo, mama. Niliziona Lindi, ghalani. Wamefunikia mashine."

"Zimefuliwa?"

Rafaeli akainama akalitazama tairi la motokaa. "Mimi natangaza tu, mama. Hata hiyo ghala sina ufunguo wake."

Kutoka hapo alikwenda kwa Bi Sada na bakuli la uji. Bi Sada miguu imemvimba tangu Ramadhani, na pumzi anaivuta kwa kuiomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uji weka hapo." Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi: "Siku yangu ikifika wamwite yule mwanamke wa Singino anayeosha maiti. Mkono wako usinifike."

Tangu hapo wamekufa wanawake wawili Kivinje, na Mboni amesikia vilio vyao kama anavyovisikia mpita njia. Maji ya jivu anaendelea kuyachemsha, kwa sababu mwanamke wa Singino naye hana bafta. Humtuma mtoto kuja kuchukua magunia kwa mlango wa nyuma.

"Hadithi ile watu wameikataa, na mimi naikataa," anasema akikamua gunia. "Mzee yule hakucheka. Mtu akishatambua alichokitoa mkononi mwake hacheki. Wangeniuliza mimi, ningewaonyesha uso wake."

Ijumaa hii, baada ya sala, atapanda lori mpaka Nangurukuru, na pale atatafuta gari la kwenda Lindi. Hana barua, wala hajui jina la mtu wa kumuuliza. Ataisaka hiyo ghala, akae mlangoni mpaka atoke mwenye ufunguo. Hatarajii kuzipata zote. Anaitaka yenye doa la hina, nayo ataifua mwenyewe, kwa sabuni ya kweli, kama ataipata.

Anaomba jambo moja, kwamba Bi Sada amngoje.

"Sitamwomba aniache nimwoshe," anasema, na kuliinua tena gunia kwenye mwanga. "Aoshwe na amtakaye. Nitaikabidhi mlangoni na kurudi zangu. Lakini nguo yake ataivaa."