Kelele Iliyokuwa Nyuma

Sisi tuliokulia kando ya ziwa, miaka ile ya sitini kuingia sabini, tulijua gari kwa sauti kabla halijaonekana. Pikapu ya baba ilisikika ikiwa bado mbali na Usenge, inakohoa, inapiga chafya, na sisi watoto tunaacha mpira wa matambara kuikimbilia, vumbi mdomoni. Ilikuwa kuukuu hata wakati huo. Sehemu ya nyuma ilipoliwa na kutu, baba alimwita fundi wa mashua, naye akaiunda kama mashua: sakafu mbili za mbao, moja juu ya nyingine. Huko nyuma mama alipanda na magunia ya omena, dagaa wa ziwa letu, mpaka sokoni Kisumu, pamoja na nyavu za baba zenye vizito vya udongo wa kuchoma. Karo yetu, sukari yetu, viatu vya Krismasi, vyote vilitoka kwenye safari hizo.

Halafu ikaja kelele. Ngo! Ngo-ngo! Kila walipopanda mlima, kila walipoingia shimoni.

Nikikumbuka yaliyofuata, damu inanichemka mpaka leo. Siku hizo gari likiugua lilikuwa mali ya kijiji kizima. Wanaume walizunguka boneti, mikono nyuma, kila mmoja na ugonjwa wake: huyu pistoni, yule giaboksi, mwingine jirani mwenye kijicho. Daktari mkuu alikuwa baba mdogo Okello, aliyewahi kuosha malori mjini. Aliwasha injini pale uani, akaegemeza kasia kwenye chuma na kutega sikio kwenye mpini. Injini ikanguruma vizuri tu.

"Imejificha," akasema. "Inajua tunaiangalia."

Na watu wazima wakatikisa vichwa kukubali!

Mama alikuwa karibu, anaanika omena. "Shemeji, hiyo kelele iko nyuma. Si mimi ndiye hukaa huko? Inagonga chini ya miguu yangu."

"Mama Akinyi, wewe angalia omena yako, kuku wataimaliza."

Wakacheka. Baba naye akacheka, na kicheko chake ndicho sijakisamehe.

"Haya," mama akasema. "Basi panda nyuma wewe, mimi nikae mbele na Baba Akinyi. Twende tu mpaka pale mlimani."

Hakuna aliyepanda. Mwanaume akae juu ya gunia la omena, kijiji kimwone? Yawa! Afadhali kufungua injini.

Wakaifungua. Vyuma vikatandazwa kwenye mkeka wa mama wa kuanikia. Mvua ikanyesha juu yake. Walipovirudisha vilibaki vingine mkononi, Okello akasema hivyo havikuwa na kazi. Pikapu haikuwaka tena. Mama akawa anabeba omena kichwani mpaka kwenye basi, kidogo kidogo, hadi wateja wake wa Kisumu wakapata muuzaji mwingine. Dada yangu Akinyi akaacha shule.

Gari liliozea uani mpaka baba alipoliuza kama chuma chakavu. Wanunuzi walipong'oa mbao za nyuma, kati ya zile sakafu mbili kikabingirika kizito kimoja cha wavu, kilichochomoka na kupenya tundu la ubao. Kilikuwa kimelainika kwa kugongagonga. Mama alikiokota, akamwendea Okello, akakiweka kiganjani mwake.

"Shemeji, injini yenu hii hapa."

Akarudi kwa omena yake.

Vijana wa leo wana dawa yao: gari likigonga, wanaongeza sauti ya redio. Nawacheka, ila wao angalau hawafungui injini kwa kiburi. Sisi wa rika langu tunapenda kujisifu kwamba zamani watu walisikilizana. Nani alimsikiliza nani?

Mimi sijatulia mahali. Nimeendesha magari mabovu ya kila aina, kutoka Pap Onditi mpaka mipakani. Gari likianza kulia, kabla ya kugusa boneti nageuka nyuma kuuliza. Mara nyingi hakuna mtu huko. Nauliza hivyo hivyo.