Wageni Wasio na Mabati

Juzi, nikiwa likizo katika kijiji kimoja cha Uingereza, nililala kwenye nyumba ya kale iliyoezekwa nyasi. Harufu yake kavu ilinirudisha utotoni, kijijini kwetu Dabaso, pwani, alasiri moja mama alipokuwa akishona makuti ya paa la nyumba ya wageni, huku watalii wa Kizungu waliolala humo wakimtazama. Kwetu tulikuwa tumeezeka mabati, tukichemka ndani kwa joto na fahari, nami niliwahurumia Wazungu wale kwa ufukara wao. Nikamshika mkono bibi mmoja wao. "Shikamoo. Njoo ulale kwetu, mvua haitakupata." Mama alicheka hadi kuti likamdondoka.

Sasa najenga nyumba yangu, na nimemwambia mama nataka paa la makuti. Akanishika mkono. "Njoo ulale kwetu, mwanangu. Mvua haitakupata."