Kwale wa Mwaka Ule

Nikipita Segera, kabla basi halijasimama sawasawa, harufu huwa imeshaingia. Vijana wanakimbilia madirishani na karanga za kukaanga kwenye vikaratasi, za moto, na mimi hununua kila mara. Wanangu hunicheka kwa sababu sizili. Nazishika tu mkononi mpaka zipoe. Ngoja niwaambie ninyi sababu, maana wao nikianza tu husema, "Mama na njaa zake za zamani."

Ulikuwa mwaka tuliohamishiwa kijiji kipya, upande wa Kwedizinga. Tulikotoka, kila nyumba ilikaa shambani kwake, na jirani ulimwona alipotaka kukuona. Kijijini tulipangwa kwa mstari. Mtu akipiga chafya jikoni, wa nyumba ya tatu anamwombea dua. Kisha mvua ikakataa. Mahindi yalikauka yakiwa hayajanifika gotini, na serikali ikaleta unga wa njano uliotuweka hai bila kumfurahisha mtu. Baba akaenda Korogwe kukata mkonge. Nyuma yake surua ikaingia, na nyumba kadhaa zikazika watoto.

Mdogo wangu Salimu, surua ilimwachia, lakini mwenyewe hakurudi. Sijui niseme vipi. Alikuwa na miaka miwili na alishasahau kutembea. Nywele zilikuwa laini na nyekundu, miguu imevimba, na akiuona uji wa njano aligeukia ukutani. Mganga wa zahanati alimwambia mama ampe mtoto maziwa, mayai au karanga. Mama aliitikia kila kimoja kwa adabu, akamfunga Salimu mgongoni, tukaondoka. Njia nzima alikwenda mbio, nami nikimkimbilia nyuma.

Karanga zilikuwepo. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Juu ya moto wa jikoni kilining'inia kilindo, chombo cha gome la mti, kifuniko kimezibwa kwa mavi ya ng'ombe. Ndani mlikuwa na mbegu ya bibi, mama yake baba: karanga ndogo nyekundu, pamoja na maganda yake, alizorithi kwa mama yake aliyerithi kwa mama yake. Moshi ulizilinda na wadudu, bibi akazilinda na sisi. Kwetu uliweza kuazima chumvi, hata kanga ya kwendea msibani, na usichekwe. Lakini nyumba iliyokula mbegu yake haikuwa na uso wa kumtazama mtu.

Kila Ramadhani ilipoisha, bibi alitutengenezea karanga za Idi. Zilikuwa karanga za kukaanga, ufuta, na mtama uliopasuliwa kwa moto, vyote vikachanganywa na asali na iliki ya kutwanga. Hizo zilitoka kwenye mavuno, si kwenye mbegu. Mwaka ule mavuno hayakuwepo. Basi siku ya kuamkia Idi, asubuhi, mama alipanda juu ya kinu akakishusha kilindo.

"Mama Mwajuma," bibi alisema kutoka mlangoni. Mwajuma ndiye mimi. "Hiyo ni mbegu."

"Najua, mama."

"Kwenu mlimani mvua ni jirani. Huku kwetu ni mgeni. Akija akakuta huna cha kumpokelea, harudi."

Mama alikuwa Mshambaa, na alikumbushwa hivyo kila ilipopatikana nafasi. Siku nyingine angejibu. Siku hiyo alisema tu, "Mtoto naye harudi, mama," akaketi akaanza kumenya.

Nilimsaidia. Maganda niliyatia motoni kama nilivyoagizwa, maana rundo la maganda nje ya mlango ni tangazo. Harufu haikuwa na pa kufichwa, lakini mama alikuwa ameshaifikiria. Kumbe ndiyo sababu alivumilia mpaka siku hiyo. Kuamkia Idi hakuna anayeuliza kwa nini jiko lako linanukia.

Alizimimina kwenye kikaango, akakoroga bila kutazama. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Moshi ukaanza kuwa mchungu. Bibi akaingia, akampokonya mwiko.

"Unaziunguza," alisema. "Kama ni kuziua, ziue vizuri."

Akaketi yeye. Alikuwa amefunga na hakutaka kuonja, kwa hiyo alikaanga kwa masikio. Aliinamisha kichwa, akasikiliza zinavyolia, akavuta ukuni mmoja nje. Ufuta ukafuata, kisha mtama kidogo uliokung'utwa kutoka kila pembe ya nyumba. Asali ilikuwa ile iliyobaki chini ya chupa, ya dawa ya kikohozi. Mwisho bibi alifungua pindo la kanga yake, akatoa iliki alizokuwa amezificha tangu lini sijui, akanipa nitwange. Mimi niliyekuwa sijafunga ndiye niliyeonja. Zilikuwa tamu mno, na wale wawili walinitazama mdomo mpaka nikashindwa kutafuna.

"Hodi!" Alikuwa Mama Zaina, jirani wa nyuma, na alikuwa ameshaingia nusu. "Shikamoo bibi. Ama kweli Idi imewafikia! Karanga mmezipata wapi?"

"Marahaba. Mwanangu katuletea kutoka Korogwe."

Bibi yangu huyo, aliyekuwa akinichapa kwa uongo wa kijiko cha sukari, tena na saumu yake mdomoni! Na uongo ukishasema nyumba ina neema, neema lazima igawiwe. Bibi alichukua sahani. Mama alimtazama bibi, akamtazama Salimu mkekani, akafumba macho. Sahani ilijazwa, ikatoka na Mama Zaina.

Zilizobaki mama alizitwanga, akampaka Salimu mdomoni kwa ncha ya kidole. Alitema. Akampaka tena, akatema tena. Bibi akatoka nje, hakuweza kutazama. Kisha ulimi wa Salimu ukatoka wenyewe, pole pole, ukaifuata asali. Mama alilia kwa sauti kubwa nikadhani mtoto amekufa.

Siku ya Idi sahani zikatembea, kama desturi. Ya Mama Zaina ilirudi na karanga zilizochanganywa na bisi. "Kaka yangu kanitumia kutoka Korogwe," alisema. Nyumba ya mbele walileta za chumvi. Wao walikuwa na shemeji Korogwe. Zote zilitwangwa kwa ajili ya Salimu. Nami nikaamini Korogwe ni mji wa karanga. Nilipofika Korogwe ya Zamani nikiwa msichana mkubwa, niliangaza huku na huku nikazitafuta, nikaona mto tu.

Baada ya siku chache mvua ikanyesha. Kila mtu alikimbilia kiwanja chake, na bibi naye akatoka na jembe, kilindo kwapani. Alichimba, akaingiza mkono kwenye kilindo, akauleta shimoni, akafukia kwa mguu. Nilikwenda kumsaidia, nikachungulia. Kilindo kilikuwa kitupu.

"Bibi, unapanda nini?"

"Fukia," alisema.

Nikafukia. Mama Zaina, kwenye kiwanja chake kando yetu, hakuinua kichwa.

Hakikuota kitu. "Kwale," bibi alitangaza kwa sauti ya kusikika. "Wamefukua zote."

"Hata kwangu, bibi," Mama Zaina alijibu. "Kwale wa mwaka huu hawana haya." Na mbele zaidi kwenye mstari walisema hivyo hivyo. Niliwachukia ndege hao kwa moyo wangu wote. Nilitega mitego msimu mzima, nisinase hata mmoja.

Salimu leo ana kitambi, anasema karanga zinamletea kiungulia. Baba alirudi na mbegu nyingine, kubwa, nyeupe. Zile ndogo nyekundu za bibi sijaziona tena, wala bibi hakuzitaja mpaka anakufa.

Mimi nilikuwa nimeshazaa, nina mtoto mgonjwa mgongoni, siku niliyokaa pale Segera na kikaratasi mkononi, na akili ikanijia. Nyumba zote zile za mstari, kila moja jiko linanukia, kila moja na ndugu yake Korogwe. Kisha mvua inanyesha, na wanawake wameinama kila mmoja kwenye kiwanja chake, wanafukia mashimo, hakuna anayeinua kichwa kumtazama mwenzake.

Hapakuwa na kwale.