Mpira Uliomponyoka Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa golikipa wa timu moja ya hapa Lubumbashi. Mimi ndiye niliyemlea baada ya mama kufariki, na ni cherehani yangu ya mtaa wa Kamalondo iliyomsomesha. Alipoanza kucheza, timu ikifungwa watu walimtukana njiani kutoka uwanjani, wakaingia baa, na asubuhi muuza mikate akamsalimu kama kawaida.

Jumapili moja mpira mwepesi ulimponyoka mikononi ukaingia wavuni. Nilikuwepo. Waliokaa mbele yangu waliinua simu kabla hata ya kushika vichwa. Tulipofika nyumbani, goli lilikuwa limetutangulia: limepunguzwa mwendo, limewekewa muziki wa kuchekesha, uso wake umekuzwa.

Nilidhani yataisha baada ya siku chache. Lakini redio ilimjadili asubuhi, televisheni jioni, wachambuzi wakiulizana kama aliuza mechi. Wateja wangu walionyeshana ile video wakisubiri nguo zao. Mmoja alininyooshea simu.

"Mama, ona huyu. Banamulipa juu ya kulala?"

Nikaendelea kukanyaga cherehani. Hakujua ni ndugu yangu.

Siku redio ilipofungua laini kwa wasikilizaji, nilipiga. Nikasema mimi ni yaya yake, dada mkubwa, na kwamba hakuuza kitu, mpira ulimponyoka tu. Mtangazaji alinishukuru kwa upole, kisha akauliza, "Na pale nyumbani, mama, iko analia?"

"Hata kula hakuli tena muzuri," nikajibu.

Kesho yake maneno hayo tu ndiyo yaliyokatwa na kubandikwa juu ya ile video. Mdogo wangu aliisikiliza mpaka mwisho, akaweka simu mezani taratibu.

"Yaya, minakuomba, usinisaidie tena."

Kocha hakumfukuza. Aliacha tu kumpanga. Baadaye mdogo wangu akaondoka mwenyewe kwenda Mokambo, mpakani, kupakia magunia kwenye malori ya wafanyabiashara.

Nilimfuata huko na bukari, ugali wetu, na samaki. Amekonda, ila mikono imekuwa minene. Tulikuwa tumekaa kwenye gunia, ndiyo kwanza anafungua sahani, dereva mmoja akasimama mbele yetu akamkazia macho.

"Ni weye? Gardien wa goli, wa ile video?"

"Ni miye," akasema.

Dereva akaomba picha. Mdogo wangu akasimama, akapangusa vumbi usoni, akatabasamu. Nilitaka kuingia kati yao, lakini ningeingia na mimi kwenye picha. Nikabaki nimeshika sahani.

Yule mtu alipoondoka, nilimwambia arudi nyumbani.

"Nyumbani ni wapi, Yaya, kwenye hapana simu?"

Nikamrudishia sahani. Akala haraka, maana lori lilikuwa linamsubiri.