Mwaka Mmoja Aliopewa Kaka

Majira yale ya joto kaka yangu aliuzwa Kuwait, akauzwa Dubai, akauzwa Salala, na siku zote hizo alikuwa amelala sebuleni kwetu Wadi Kabir, kiyoyozi kinamvumia kichwani, goti limefungwa taulo lenye barafu. Ilikuwa miaka ya tisini. Ligi ilikuwa imesimama kwa sababu ya joto, na watu wa Maskati hawakuwa na kazi nyingine isipokuwa kusema mchezaji gani anahamia timu gani. Mtu asiyejua bei ya samaki wa siku ile alikuwa anajua bei ya kaka yangu.

Kaka alikuwa kiungo. Redioni hawakumtaja sana, maana redio humtaja aliyefunga. Lakini wanaojua mpira walikuwa wanamjua. Ukimfikia anatulia, anainua kichwa, halafu anautuma pale ambapo mwenzake bado hajafika. Hayo mimi nilisimuliwa tu, kwa sababu wanawake wa nyumbani kwetu hatukuwa na desturi ya kwenda uwanjani. Mama ndiye hasa hakupata kumwona akicheza hata siku moja. Alichokijua yeye kuhusu mpira ni jezi za kufua na goti la kukanda kwa mafuta ya moto.

Mwaka ule kaka alikuwa keshapita thelathini na nne, na kwa mchezaji huo ni uzee. Timu yake ilikuwa imeleta kocha mpya aliyependa damu changa. Msimu mzima kaka aliota mizizi kwenye benchi, na mwisho wake viongozi wakamwambia, "Tutazungumza." Hawakuzungumza. Hapo ndipo tetesi zilipoanza.

Yeye alitaka msimu mmoja zaidi. Hakumwambia mtu, lakini mimi nilikuwa naona. Kila alfajiri, kabla hajaenda Rusayl kwenye ghala la vipuri alikokuwa mtunza stoo, alikimbia mpaka barabara kuu na kurudi anachechemea, fulana imelowa utadhani ameingia baharini. Mtu aliyekwisha kuuacha mpira hakimbii kwenye joto la Agosti. Timu yake ilikuwa imemwacha mkono, kwa hiyo asipotokea mwingine wa kuja kumwomba, ndio basi. Angekuwa mtunza stoo na si kitu kingine.

Mama naye alikuwa anaomba asitokee mtu.

"Mie nshaaga watu vya kutosha," aliniambia huku anachambua mchele. "Nliwaaga kaka zangu Unguja, nkaliaga kaburi la mamangu, nkaja nkamuaga babaako hapa hapa. Huyu simuagi. Na goti lenyewe lile, likikunjwa linalia kama mlango."

Nilimjibu kwamba Dubai si Amerika, mtu anakwenda na kurudi. Akaniangalia kama niliyetukana.

Tetesi zilikuwa hazina haya. Ofisini kwetu Qurum, nilikokuwa karani, wageni wa mkubwa wangu walikuwa wakipita mezani kwangu kwanza. "Wewe si dada yake? Anakwenda?" Watu wazima, wamevaa kanzu zao na vilemba vyao, wananinong'oneza mimi habari za mpira kana kwamba kaka yangu kanikabidhi funguo. Gazetini kuliandikwa mstari mmoja tu, unaoanza na "inasemekana", na mstari ule ukatosha kulisha mji wiki nzima. Kwenye harusi wanawake wasiojua goli liko upande gani walimpa mama pole, wengine wakampa hongera. Ilipofika Unguja habari ilikuwa imenenepa kabisa. Shangazi alipiga simu kuuliza nyumba yetu tutampangisha nani, na sisi wenyewe Kuwait tunahamia lini. Mama alimkatia simu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu simu iingie nyumbani.

Na kaka kila akiulizwa alikuwa na jibu moja. "Inshallah kheri." Huku kwetu jibu hilo halimwambii mtu chochote, na kila mtu anaondoka ameridhika.

Mimi lilikuwa linanichoma. Nilikuwa namwona akiisikiliza simu ikilia. Ikilia aliinua kichwa, na ikiwa ni rafiki yangu au muuza maji alikirudisha kwenye mto polepole.

Basi Alkhamisi moja simu ikalia, na safari hii ilikuwa yake. Timu ya mji mmoja wa Batina, njia ya kwendea Suhar, walikuwa wanataka kuja kumtembelea Ijumaa baada ya Alasiri. Hawakusema wanakuja kwa nini, na haikuwa adabu kuwauliza. Siku ya pili nikamkuta kaka anapiga pasi kanzu yake mwenyewe, ilhali mimi nipo na pasi naijua. Nilimwachia. Mikono yake ilikuwa inahitaji kazi.

Mama alipika kahawa. Sasa hapa inabidi nieleze kidogo. Kahawa ya huku hutiwa iliki, na mama kwa zaidi ya miaka ishirini ya kuishi Maskati alikuwa hajakubali kuipika vile. Yeye alitia tangawizi, kama ya kwao Mkunazini, na ilikuwa kali ya kukutoa machozi. Wageni wa Kizanzibari waliishangilia. Wageni wengine waliinywa kwa heshima, na mama aliwaona wanavyokunja uso. Jambo hilo lilikuwa linamuuma, ingawa asingelikiri.

Walikuja wazee watatu, wamenyooka, wananukia udi. Mimi na mama tulisimama ukumbini nyuma ya mlango wa majlis, chumba cha wageni, ulioachwa wazi kidogo. Tukasikia wanaulizana hali, hali za watoto, hali za mvua ambayo haikunyesha. Wakala tende na halwa, wakaisifu halwa. Kaka akawamiminia kahawa, mmoja mmoja, kwa mkono wa kulia.

Yule mkubwa wao akakipokea kikombe. Akakishika kidogo. Halafu akakiweka chini mbele yake bila kukigusa mdomo, na wenzake wakaweka vyao.

Mimi nilijua maana yake. Kwa Waarabu wa huku, mtu aliyekuja na haja nzito hanywi kahawa ya mwenye nyumba mpaka apewe jibu. Anakiweka kikombe chini na anangoja aulizwe. Akiambiwa "kunywa, haja yako imepita", basi amekubaliwa, na hilo ni neno la nyumba nzima na halirudi. Nilikuwa nimeyasikia hayo ofisini. Nikafurahi, maana wamekuja kumwomba kweli, haikuwa tetesi.

Mama aliniminya mkono mpaka ukaniuma.

"Hawanywi," alininong'oneza. "Tangawizi. Nlijua imezidi."

"Mama, siyo tangawizi, ngoja nikuambie..."

Nani angoje? Alishauvuta mtandio wake mbele na keshaingia majlis. Kwa umri wake hakuna aliyeshangaa. Wazee walisimama wakamsalimu, wakamwita mama, ingawa mmoja wao nadhani alikuwa amemzidi miaka. Naye mama, kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Unguja, akawaambia kwa uchangamfu wote aliokuwa nao, "Ishrabu, ishrabu, hajatkum maqdhiya."

Kunyweni, kunyweni, haja yenu imepita.

Maneno hayo aliyapata kwa jirani yetu, mwanamke wa Nizwa. Alimsikia siku moja anawaambia wageni wake, na wageni wakanywa papo hapo. Maana ya maneno alikuwa anaijua. Yeye aliyachukulia kuwa ni adabu tu, kama sisi tunavyosema "karibuni, hapa ni kwenu", na hakuna mgeni atakayeichukua nyumba kwa kuambiwa ni kwake. Aliyapenda, akayaweka akiba kwa siku ya kahawa ngumu.

Wazee wakainua vikombe vyao kwa pamoja wakanywa. Mkubwa wao akaomba cha pili. Wakamwombea mama dua ndefu, yeye akaitikia amina, akarudi ukumbini anang'aa.

"Umeona?" akaniambia. "Walikuwa wanaona haya tu."

Nilikuwa nachungulia mlangoni namtazama kaka. Alikuwa ameshika dele la kahawa na amelisahau mkononi. Wazee walikuwa wanamweleza jambo walilolijia, kwamba wanamtaka kwa msimu unaokuja, wana vijana wenye mbio lakini hawana wa kuwapa mpira. Waliyasema kama kitu kilichokwisha. Kaka hakuwa na uso ule niliouzoea majira yote. Alikuwa anafanana na picha yake ya siku alipopewa jezi ya kwanza.

Walipoondoka alikuja jikoni. Mama alikuwa anaosha vikombe.

"Mama, unajua umewaambia nini wale?"

"N'newaambia wanywe."

Akamweleza. Alimweleza taratibu, hakumcheka. Mama alizima bomba, akajifuta mikono, akakaa kwenye gunia la mchele.

"Yaani mie ndiye nliyekutoa?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa kikombe cha kahawa!"

Kaka akachutama mbele yake, na goti likalia kweli. "Usijali. N'tawapigia simu, n'tawaambia mama hakukusudia. Ni watu wazima, watafahamu."

Aliyasema kwa upole, na mimi hasira zikanipanda. Ndugu yangu huyu alikuwa tayari kuutupa mwaka wake kama maganda, ili mtu asikasirike. Nikasema kwa sauti ambayo mama hakuipenda:

"Mwambie kwanza unachokitaka! Majira yote haya watu wanakuuliza kama unakwenda. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza kama unataka."

Mama akanitazama mimi, halafu akamtazama yeye kwa muda mrefu.

"Unataka, baba?"

Kaka aliangalia sakafu.

"Mwaka mmoja tu, mama," akasema. "Nimalize mwenyewe, nisimalizwe."

Mama alimshika kichwa kwa mikono yake yenye harufu ya sabuni, akakivuta mapajani mwake, lile jitu zima, mtunza stoo mwenye ndevu. Walikaa hivyo. Mimi nikajitia kupanga vikombe ili nisionekane nalia.

"Usipige simu," akasema mwisho. "Nshasema, nshasema. Watu wa Batina wasije wakaona neno langu si neno."

Msimu ulipoanza kaka akawa akitoka Rusayl anaendesha moja kwa moja mpaka mazoezini Batina, na akirudi mama yuko macho na mafuta yako jikoni yanapata moto. Njia ile ina ngamia, na mama aliwaogopa ngamia kuliko maradhi. Kila siku alikuwa akisikitika kwamba ulimi wake umemponza. Lakini hakumwambia kaka aache, wala hakumnunia.

Karibu na mwisho wa msimu, Ijumaa moja baada ya chakula, akaniambia, "Nipeleke nkamuone."

Nikampeleka kwa gari. Uwanja wenyewe ulikuwa na uzio wa waya, na familia zilikuwa zinaegesha gari nyuma ya waya na kutazama kutoka ndani. Mama alikaa kiti cha mbele, tasbihi mkononi. Kipindi cha kwanza kaka yuko benchi, na mama akawa ananiuliza kila dakika kama wamemkomoa. Kipindi cha pili akaingizwa. Alikuwa mzito, nilimwona mimi nisiyejua mpira. Vijana walimpita kama upepo. Lakini mpira ulipomfika kila mtu alionekana kutulia kidogo, naye akainua kichwa, akautuma mbali upande usio na mtu, na kumbe mtu alikuwa njiani anakuja.

Mama alitazama muda mrefu. Halafu akauliza, "Mbona kila akipata anawapa wenzake? Yeye hafungi?"

"Ndiyo kazi yake, mama. Kuwapa."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Nilipomgeukia machozi yalikuwa yanamchuruzika, na tasbihi imesimama. "Na mie nlitaka kumkatalia mwaka mmoja," akasema. Akafungua mlango, akashuka na buibui lake kwenye mchanga, akaenda kusimama kwenye waya katikati ya wanaume. Wakampisha.

Mechi ilipokwisha kaka alikuja kwetu anachechemea, akakaa kwenye kiti cha nyuma miguu nje. Mama akainama pale pale, mbele za watu, akamkanda goti kwa mikono mitupu maana mafuta tuliyasahau nyumbani.

"Ukitaka na mwaka mwengine nenda," akamwambia bila kuinua uso. "Mie n'nekupa radhi. Wale wazee wakija n'tawaambia wanywe."

Kaka akacheka, akamshika mkono uliokuwa unakanda.

"Hapana, mama," akasema. "Huu umenitosha. Twende nyumbani."