Kengele ya Maksai wa Mtani

Ukichukua kengele ya ng'ombe wa mtani wako ukapanda nayo ndege, huo bado ni utani au umeshakuwa wizi? Swali hilo liliniweka macho wiki nzima katika chumba changu cha mwanafunzi huko Ujerumani, kengele yenyewe ikiwa imening'inia dirishani, kimya, kama haihusiki.

Nyumbani Katandala, Sumbawanga, tuna jirani Msukuma mwenye ng'ombe. Sisi ni Wafipa, yeye ni mtani wetu, na utani wake hauna breki. Siku ya kumzika babu aliingia kaburini kabla ya marehemu, akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Niliapa kulipiza. Siku mbili kabla ya safari yangu, yeye akiwa bondeni kwa kaka yake, nilikwenda kumuaga mkewe. Wakati wa kutoka nikapitia zizini, nikamvua maksai kiongozi kengele yake. Mdogo wangu wa kiume alisimama mlangoni mwa zizi akijiziba mdomo asicheke.

Utani una sharti moja tu: lazima ujitangaze. Unachukua, halafu unamcheka mwenyewe usoni. Nilipanga kumtumia ujumbe nikiwa uwanja wa ndege. Lakini mimi huandika ujumbe kama naandika tasnifu. Wa kwanza ulikosa adabu. Wa pili ulikuwa na adabu mno. Wa tatu nikaona atadhani naomba msamaha, na hapo utani wote umekufa. Ndege ikaruka. Nikasema nitamwambia nikifika. Miezi miwili ikapita.

Nilichosahau, mimi msomi, ni kwamba wezi wa mifugo nao huanza kwa kumvua ng'ombe kengele ili wamswage kimyakimya. Maksai yule alipotea siku tatu, akakutwa Milanzi kwenye maharage ya watu, shingo tupu. Jirani mwingine akakumbuka kumwona mdogo wangu mlangoni mwa zizi. Polisi wakamfuata Majengo kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio, wakamkamata. Akafikishwa mahakama ya mwanzo kwa kosa la kujaribu kuiba ng'ombe.

"Dada, nimewaambia ukweli," alinieleza kwa simu baada ya kupata dhamana. "Nimesema kengele iko Ulaya. Askari akaweka kalamu chini, akaniuliza kama na ng'ombe ana pasipoti."

"Na mtani je?"

"Amenuna kweli. Hanitanii hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha. Kesi ni Alhamisi. Nikifungwa, redio za watu utazitengeneza wewe na hiyo masta yako?"

Nilimpigia wakili mmoja wa mjini, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu.

"Kengele unayo?" akauliza.

"Ninayo."

"Usimwambie mtu."

"Lakini ndiyo itakayomtoa mdogo wangu!"

"Na ndiyo itakayokuingiza wewe. Waache mashahidi waseme, mimi nitawahoji. Wewe nyamaza, binti yangu."

Nikanyamaza siku tatu, nikiwaza. Nilijiona nikishuka uwanja wa ndege na kupokewa na pingu. Nikajiuliza kama kengele iliyovuka mabara ni kosa moja au makosa matatu. Kisha Alhamisi asubuhi, nikipiga mswaki, nikaona jambo ambalo mtu asiye na digrii angeliona siku ya kwanza: kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapa.

Nikampigia mdogo wangu. Alikuwa nje ya mahakama, na mtani alikuwa hatua chache kutoka kwake.

"Weka sauti kubwa," nikamwambia, "umsogelee."

Nikasikia miguu, kisha kikohozi ninachokijua.

"Shikamoo, mtani."

"Siitikii salamu za ukoo wa wezi."

Nikaishusha kengele dirishani, nikaitikisa mbele ya simu kwa nguvu zote. Mjerumani wa chumba cha pili akagonga ukuta. Upande wa Sumbawanga mtu akauliza ng'ombe ameingia saa ngapi mahakamani.

"Hiyo ni ya maksai wangu," mtani akasema polepole.

"Ilikuwa. Ulilala kwenye kaburi la babu yangu, na mimi nikaondoka na kengele yako. Nasikia umeililia kuliko siku mkeo aliporudi kwao!"

Mtani akalipuka kwa kicheko mpaka simu ikakwaruza.

"We Mfipa! Umeifikishaje huko, kwa ungo?"

"Ungo ulijaa, nikapanda ndege."

"Sasa miezi miwili yote ulikuwa unafanya nini hukusema?"

"Nilikuwa naandika ujumbe."

Asubuhi ileile aliomba shauri liondolewe. Mdogo wangu anasema hakimu alimuuliza mtani mara mbili kama kuna mtu amemtisha, ndipo akakubali. Lakini mtani alikuwa na hukumu yake: niirudishe kengele mwenyewe, nikiwa nimeivaa shingoni, kwa miguu, kutoka stendi mpaka zizini kwake.

Likizo ilipofika, nilisafiri na kengele mkobani. Njia nzima nilipiga hesabu. Ningeweza kuivaa nikikaribia Katandala tu. Ningeweza kuifunika kwa koti, maana baridi ya kwetu ingenipa sababu. Basi liliposimama, nikiwa bado kwenye ngazi, nikaivaa.

"Sista, twende!" bodaboda mmoja akaita.

"Leo naswagwa," nikamjibu, nikaanza kutembea.